Shajara ya mradi: kuipasua 2^64 + 1 kwa daftari, kalkuleta ya dukani na lahajedwali

Namba ya mradi ni 18446744073709551617, yaani 2^64 + 1, yenye tarakimu 20. Kwenye vitabu vya hisabati huitwa F6, ingawa ni ya saba katika namba za Fermat (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo, kisha jumlisha 1), kwa kuwa orodha huanzia F0: 3, 5, 17, 257, 65537, 4294967297, kisha hii. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za aina hii ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita Euler aliivunja mwaka 1732: 4294967297 = 641 × 6700417. Ya kwetu, Thomas Clausen aliandika vigawo vyake katika barua kwa Gauss mwaka 1855, na Fortuné Landry akavitoa hadharani mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82. Anayeijua hesabu ya punje za ngano kwenye ubao wa sataranji ataitambua mara moja: punje ni 2^64 − 1, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu, na mwanazuoni al-Biruni aliiandika tarakimu kwa tarakimu miaka elfu moja hivi iliyopita.

Kwa hiyo majibu yapo siku nyingi. Kinachoandikwa hapa ni njia: kutafuta vigawo tasa, kuthibitisha kwamba ni tasa kweli, kisha kuorodhesha sifa za namba. Kila hatua irudiwe na yeyote mwenye vifaa hivi: daftari moja la miraba, kalkuleta ya dukani ya tarakimu 12, kalkuleta ya sayansi ya wanafunzi (kwa kulinganisha), kompyuta yenye lahajedwali, na lugha ya programu ya Python. Alama ^ humu ni kipeo. Namba ndefu zimeandikwa bila nafasi ili zinakilike moja kwa moja.

1 Februari 2025: kuiingiza namba bila kuiharibu

Siku nzima imeishia kwenye kazi iliyodhaniwa ya dakika moja. Namba hii ina biti 65: 1, sifuri 63, kisha 1. Mashine nyingi hubeba biti 64. Imezidi kwa biti moja tu, na hiyo moja inatosha kuharibu kila kitu bila onyo lolote.

Lahajedwali hushika tarakimu 15 za mwanzo tu. Ukiandika =2^64+1 na kufungua seli ioneshe tarakimu zote, unapata 18446744073709600000. Mtu akiangalia mwisho wa namba hiyo atasema inagawanyika kwa 5. Haigawanyiki, tarakimu tano za mwisho zimefutwa na kuzungushwa.

Kwenye lugha ya C, kigezo cha biti 64 kisicho na alama ya hasi kikifika 2^64 hurudi sifuri, kwa hiyo 2^64 + 1 inakuwa 1. Kusogeza biti kwa 1ULL << 64 ni kubaya zaidi: lugha haitoi ahadi yoyote kuhusu jibu, na mashine tofauti zinatoa majibu tofauti.

Python hushika namba nzima za urefu wowote, lakini hapo ndipo lilipotokea kosa lililokula saa mbili. Liliandikwa N = 2^64+1. Katika Python alama ^ si kipeo. Ni operesheni ya biti, tena kujumlisha hutangulia. Kilichohesabiwa ni 2 na 65 biti kwa biti, na jibu ni 67. Kwa kuwa 67 ni namba tasa, programu ilitangaza kwamba N ni tasa, na tangazo lilionekana la kuaminika. Iliyo sahihi ni N = 2**64 + 1. Tangu leo kila faili linaanza kwa print(N) na len(str(N)), na kazi haisogei mpaka 20 ionekane.

Kuna ukaguzi wa haraka wa macho pia. Jumla ya tarakimu za namba ni 89, na 89 ukigawanya kwa 9 inabaki 8. Nakala yoyote isiyotoa 8 ina tarakimu iliyokosewa.

Gharama: saa 4, karatasi 2.

3 Februari 2025: je, ni tasa? Msingi wa 2 unadanganya

Kipimo cha kawaida ni hiki: kama N ni tasa, 2^(N−1) ikigawanywa kwa N huacha baki 1. Tulikiendesha, kikarudisha 1. Tukapandisha ukali, tukatumia jaribio la Miller na Rabin kwa msingi uleule wa 2. Nalo likapita.

Sababu imo kwenye umbo la namba. 2^64 ni N − 1, kwa hiyo baki lake ni −1 (namna fupi ya kuandika baki N − 1). Ukianza na 2 na kuzidisha kila jibu kwa lenyewe unapata 2, 4, 16, 256, 65536, 4294967296, halafu −1, bila hesabu yoyote ya kweli kufanyika. Jaribio linatafuta hiyo −1, nayo imewekwa pale na namba yenyewe. Namba zote za Fermat, tasa na zisizo tasa, hupita kwa msingi wa 2. Msingi wa 4, 8 au 16 ni ndugu wa 2, usiutumie.

Dawa ni msingi wa 3. Kipimo chenye jina la Pépin, aliyekianzisha mwaka 1877, kinatosha peke yake kwa namba hizi kuanzia F1: namba ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha (N − 1)/2 inaacha baki −1. Hapa kipeo ni 2^63, yaani kuzidisha jibu kwa lenyewe mara 63.

pow(3, 2**63, N) == N - 1

Jibu ni False. N si tasa, na huo ni uthibitisho kamili hata kabla ya kuona kigawo chochote. Muda: chini ya sekunde moja.

8 Februari 2025: vigawo vinaweza kuwa na sura gani

Kipeuo cha pili cha N ni zaidi kidogo ya bilioni 4.29. Kugawa kwa kila namba hadi hapo si kazi ya daftari. Umbo la namba lililotudanganya juzi leo linasaidia.

Chukua kigawo tasa d. Kwa kuwa d inaigawa 2^64 + 1, vipeo vya 2 vikigawanywa kwa d vinafika −1 kwenye 64 na kurudi 1 kwenye 128, si kabla ya hapo. Mzunguko wa urefu wa 128 lazima uigawe d − 1 (kanuni ndogo ya Fermat). Basi d = 128k + 1. Hilo ni la Euler. Lucas aliongeza hatua: namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 8 huwa na s ambayo s² inaacha baki 2; mzunguko wa hiyo s ni 256; basi d = 256k + 1. Hatua hiyo moja inapunguza kazi kwa nusu.

Anayenakili mradi asiiruke. Kwa 128k + 1, kigawo kidogo kiko kwenye k = 2142; kwa 256k + 1 kiko kwenye k = 1071.

Kabla ya kuanza kazi, futa 257 na 65537, maana namba mbili za Fermat hazishirikiani kigawo chochote. Ukizidisha F0 hadi F5 unapata F6 − 2, hivyo kinachozigawa zile kingelazimika kuigawa 2.

9 Februari 2025: mchujo, na kosa lililofuta jibu

k kutoka 1 hadi 1071 ziliandikwa kwenye miraba ya daftari. Nia ilikuwa kufuta zile ambazo 256k + 1 inagawanyika kwa namba tasa ndogo. Mkono uliozoea mchujo wa Eratosthenes (njia ya kale ya kupata namba tasa kwa kufuta zinazogawanyika) ukafuta k zinazogawanyika kwa 3, kisha kwa 5, kisha kwa 7. Hilo ni kosa. Kinachopaswa kuangaliwa ni 256k + 1, si k. Na ni kosa zito, kwa sababu 1071 = 3 × 3 × 7 × 17. Kigawo cha kweli kilifutwa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa mchujo, na kazi yote ya mbele ingekuwa ya bure.

Limegunduliwa kwa kupima sampuli: k = 3 inatoa 769, ambayo ni tasa, nayo ilikuwa imekatwa. Ukurasa wote ulirudiwa. Kanuni sahihi ni hizi:

kwa 3: futa k inayoacha baki 2
kwa 5: futa k inayoacha baki 4
kwa 7: futa k inayoacha baki 5
kwa 11: futa k inayoacha baki 7
kwa 13: futa k inayoacha baki 10

Kila moja inapatikana kwa kujaribu: 256 ikigawanywa kwa 7 inabaki 4, na 4 × 5 + 1 = 21, kwa hiyo ni 5. Hesabu ya zinazobaki iwe kipimo chako: 1071, baada ya 3 zinabaki 714, baada ya 5 ni 571, baada ya 7 ni 490, baada ya 11 ni 445, baada ya 13 ni 410. Ukipata nyingine, rudi ulipoachana na orodha hii.

Kuendelea na 17, 19 na 23 kunapunguza tena, lakini muda wa kufuta unakaribia muda wa kujaribu. Tumeishia 13. Jaribio la ziada kwenye d isiyo tasa halileti madhara.

Gharama: saa 3, nusu yake ni ya kosa. Kurasa 5.

15 Februari 2025: jaribio la mkono, na tarakimu iliyojificha

Hakuna haja ya kugawa namba ya tarakimu 20. Inatosha kujua baki la 2^64, na hilo linapatikana kwa kuzidisha mara mbili: 65536 kwa 65536 ni 4294967296, chukua baki kwa d, lizidishe kwa lenyewe, chukua baki tena. Likiwa d − 1, umepata kigawo.

Vitatu vya kwanza vilivyo tasa: 257 ilishafutwa. Kwa 769, baki la 2^32 ni 19, na 19 × 19 = 361; ilitakiwa 768. Kwa 3329, baki la 2^32 ni 1353, na la 2^64 ni 2988, ilitakiwa 3328. Kasi ya mkono uliozoea ni kama dakika 3 kwa kila d, na 410 × 3 ni saa 20 na nusu. Inawezekana kwa wiki kadhaa za jioni. Tulifanya kwa mkono 40 tu, na za mwisho kumi zikaonyesha hatari ya kweli, ambayo iko kwenye kalkuleta.

Hebu tuiangalie kwa karibu kwenye d = 274177. 4294967296 ukigawanya kwa 274177 unapata 15664 na baki 258768. Sasa 258768 × 258768 = 66960877824, tarakimu 11. Kalkuleta ya sayansi inaonyesha tarakimu 10: 6.696087782 × 10^10. Ile 4 ya mwisho haionekani. Anayenakili kutoka kwenye kioo anaandika 66960877820, anagawa, na anapata baki 274172. Linalotakiwa ni 274176. Tofauti ni 4 tu, lakini kigawo kinapigwa mstari mwekundu na kutupwa.

Marekebisho ni mawili. La kwanza, tumia kalkuleta ya dukani, ile ya kupigia mahesabu ya mauzo, yenye tarakimu 12. Kwa kazi hii inaishinda ya sayansi. La pili ni bora zaidi: baki likizidi nusu ya d, toa d. Badala ya 258768 andika −15409. Alama ya hasi inapotea ukizidisha kwa yenyewe:

15409 × 15409 = 237437281
866 × 274177 = 237437282

Zinapishana kwa 1. Baki ni −1, na 274177 inaigawa 2^64 + 1. Mistari miwili hiyo inatosha kumshawishi mwanafunzi yeyote wa sekondari, na hakuna namba ndani yake iliyozidi tarakimu 9.

16 Februari 2025: lahajedwali

Safu ni tano. Mstari wa 2:

A2: 1 (A3: =A2+1, kisha vuta chini)
B2: =256*A2+1
C2: =MOD(65536*65536,B2)
D2: =MOD(C2*C2,B2)
E2: =B2-D2

Safu ya tano, E, ni ya kusomea: 1 maana yake ni kigawo. Baadhi ya mipangilio ya lugha hutaka nukta mkato badala ya mkato ndani ya MOD. Hakuna seli inayovuka tarakimu 15, kwa hiyo lahajedwali ileile iliyoharibu namba tarehe 1 sasa inafanya kazi bila kosa. Kwenye k = 1071, safu E ikaonyesha 1. Hakuna mstari wa juu yake wenye 1, kwa hiyo 274177 ndicho kigawo kidogo kuliko vyote.

Njia moja iliyojaribiwa sambamba iepukwe kabisa. Katika Python iliandikwa: N / d == int(N / d), yaani gawa na uangalie kama jibu ni namba nzima. Ikatangaza kwamba 257, 769 na 3329 zote ni vigawo. Alama moja ya / hutoa namba ya desimali yenye biti 53 tu, na jibu likiwa kubwa kuliko 2^52 hakuna biti iliyobaki ya kushika sehemu ya desimali. Kila jibu linaonekana namba nzima. Hilo huwakumba d wote wadogo kuliko 4096. Namba tasa inayofuata, 7681, haikutangazwa kwa sababu jibu lake lilizungushwa kwenye nusu. Andika N % d == 0, na uweke N kwenye kigezo kwanza: 2**64+1 % d bila mabano huchukua baki la 1 peke yake.

Kigawo cha pili: N // 274177 = 67280421310721. Ukaguzi wa 9: tarakimu za 274177 zinajumlika 28, baki 1; za 67280421310721 ni 44, baki 8; 1 × 8 = 8, sawa na N. Ukaguzi wa 11, yaani mabaki ya kugawa kwa 11, unatoa 2 × 3 = 6, sawa na N tena.

Gharama: dakika 35.

22 Februari 2025: je, 67280421310721 ni tasa?

Kwenye rasimu ya kwanza iliandikwa "tasa, kwa sababu hakuna kigawo kidogo kilichoonekana". Imefutwa. Kufikia 274177 hakuthibitishi chochote juu ya namba ya tarakimu 14 ambayo kipeuo chake cha pili ni 8202464 na ushei.

Lakini kigawo chochote cha hii ni kigawo cha N, kwa hiyo nacho kina umbo la 256k + 1. Mwisho wa kutafuta ni k = 32040, ambapo d = 8202241; k inayofuata inapita kipeuo. Safu zilivutwa hadi k = 32040. Seli kubwa kabisa ya C2*C2 ni chini ya 67280000000000, tarakimu 14, bado salama. Tumia kichujio kwenye safu E kutafuta 1: unatokea mstari mmoja tu, wa k = 1071.

Inabaki tundu moja dogo: huenda 274177 inagawa mara mbili. Hesabu moja inaliziba: 67280421310721 = 274177 × 245390464 + 62593. Baki si sifuri. Namba ya pili ni tasa, na uthibitisho mzima uko ndani ya faili moja la lahajedwali.

2^64 + 1 = 274177 × 67280421310721

1 Machi 2025: njia ya Pollard, na msingi wa 2 kwa mara nyingine

Hatua hii si ya lazima. Imewekwa kwa wanaotaka njia isiyotegemea kujaribu d mmoja mmoja. Njia ya p − 1 ya Pollard (1974) huchukua kipeo E chenye namba ndogo nyingi ndani yake, hukokotoa a^E − 1, kisha hutafuta kigawo kikubwa cha shirika kati ya hiyo na N. Ikiwa p − 1 inaigawa E, p inajitokeza.

Kwa desturi E hutengenezwa kwa vipeo visivyozidi kikomo. Kwa kikomo cha 17 utaweka 2^4 tu. Hapa tunajua tayari kwamba 256 imo ndani ya d − 1, kwa hiyo weka 2^8 moja kwa moja:

E = 2^8 × 3^2 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17 = 196035840

Kwa a = 2 jibu lilikuwa N yote. Tukapunguza E, likawa 1. Tukapandisha, N. Halikutoka katikati hata mara moja, na haliwezi: mzunguko wa 2 ni 128 kwa vigawo vyote viwili, kwa hiyo vinaingia pamoja na kutoka pamoja. Ukiwa na namba ya Fermat, toa 2 na vipeo vyake kwenye orodha ya misingi.

Kwa a = 3:

from math import gcd
gcd(pow(3, E, N) - 1, N)

Jibu: 274177. Sababu inaonekana ukivunja pande mbili. 274176 = 2^8 × 3^2 × 7 × 17, zote zimo ndani ya E. Upande wa pili ni 67280421310720 = 2^8 × 5 × 47 × 373 × 2998279, na 47, 373 na 2998279 hazimo.

8 Machi 2025: jumla ya miraba miwili

Hii ndiyo sehemu ya mradi iliyotufurahisha kuliko zote. Namba inaonyesha waziwazi namna moja: 4294967296² + 1². Kwa kuwa ina vigawo tasa viwili tofauti, kila kimoja kikiacha baki 1 kwa 4, lazima kuwe na namna moja nyingine, na moja tu.

Anza na 274177. Tunajua 15409² inaacha baki −1. Gawa kwa njia ya Euclid na usimame baki linaposhuka chini ya kipeuo cha pili, hapa 523:

274177 = 17 × 15409 + 12224
15409 = 1 × 12224 + 3185
12224 = 3 × 3185 + 2669
3185 = 1 × 2669 + 516
2669 = 5 × 516 + 89

Baki la kwanza chini ya 523 ni 516, linalofuata ni 89. Na 516² + 89² = 266256 + 7921 = 274177.

Kwa kigawo kikubwa anza na 4294967296, ambayo mraba wake unaacha baki −1. Mabaki yanashuka hivi: 4053586177, 241381119, 191488273, 49892846, 41809735, 8083111, 1394180. Kikomo ni 8202464, kwa hiyo jibu ni 8083111² + 1394180². Jaribio la kwanza lilisimama kwenye 49892846 kwa kusoma kikomo vibaya (sifuri moja imezidi), na mraba wake peke yake ulipita namba nzima. Andika kikomo juu ya ukurasa kabla ya kuanza kugawa.

Sasa unganisha. Kuna namna mbili za kuzidisha jozi hizi. Ya kwanza:

516 × 8083111 + 89 × 1394180 = 4170885276 + 124082020 = 4294967296
516 × 1394180 − 89 × 8083111 = 719396880 − 719396879 = 1

Inarudisha 2^32 na 1 kamili. Ya pili unabadilisha alama:

4170885276 − 124082020 = 4046803256
719396880 + 719396879 = 1438793759

Basi 2^64 + 1 = 4046803256² + 1438793759². Hakiki kwa Python, si kwa lahajedwali; miraba hii ina tarakimu 20 na 19.

Gharama: saa 2, kurasa 3.

9 Machi 2025: sifa zilizobaki

Vigawo ni vinne: 1, 274177, 67280421310721 na N. Jumla yake ni 18446811354131136516. Ukiondoa N yenyewe inabaki 67280421584899, ndogo mno kuliko N. Namba kuanzia 1 hadi N zisizoshirikiana nayo kigawo ni 18446676793287966720. Ni zao la 274176 na 67280421310720. Kwa kuwa zao hilo si kipeo cha 2, poligoni sawa yenye pande N haichoreki kwa rula na bikari, tofauti na ile ya pande 257 au 65537.

15 Machi 2025: swali la F7

Tumejaribu kuona kama lahajedwali hii inafika namba inayofuata, 2^128 + 1. Umbo la vigawo vyake ni 512k + 1. Morrison na Brillhart waliivunja mwaka 1970, na kigawo kidogo ni 59649589127497217. Hapo k ni 116503103764643, wakati lahajedwali ina mistari 1048576. Tena, mraba wa baki kwa d wa ukubwa huo unavuka tarakimu 30, mbali na 15 zinazoshikika kwenye seli. Faili la F6 limefungwa likiwa na mistari 32040, pamoja na nakala ya kurasa za mchujo zilizosahihishwa.